Sweta Tisa Zisizo na Shingo

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ni fundi wa kufuma sweta, na zamani alikuwa hasikii la mtu. Mteja akitaka kijivu anaambiwa, "Kijivu kitakuzeesha, chukua hii nyekundu." Anafumia dirishani, kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, redio ikikoroma, nyuzi zimejaa kwenye beseni la kufulia. Sisi wa ukoo tulivaa alichopenda yeye.

Kwa miaka tisa, kila mwaka alimfumia mama sweta moja yenye shingo ndefu, ya kukunjwa mara mbili mpaka kidevuni. "Mdogo wangu ana kifua kibovu," alisema. "Asipofunika shingo atanifia." Mama alipokea kwa mikono miwili. Dada mtu akishatoka tu, nilimwona mama anajishika koo kama aliyepaliwa.

Mama alifariki mwaka juzi, kwa kifua hichohicho. Siku ya kugawa nguo zake nilijaribu kumtoa mama mkubwa chumbani, nikamwambia akapumzike. Wapi! Alifungua kabati mwenyewe, akatoa sweta zake tisa, akazitandaza kitandani moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa na shingo. Mama alizikata kwa mkasi, akapinda ukingo kwa mkono, mishono midogo midogo ya subira, akazivaa mpaka viwiko vikatoboka. Dada yake akija alijitupia shuka mabegani.

"Kumbe alizichukia?" mama mkubwa aliniuliza.

"Alizipenda, mama. Ni shingo tu. Alikuwa havumilii kitu kimguse kooni."

"Tangu lini?"

Nilimwambia nilichowahi kusikia, kwamba ni tangu utotoni. Laiti ningeuma ulimi. Akakaa juu ya sweta zenyewe.

"Tulikuwa tunacheza punda," alisema. "Yeye ndiye punda. Mimi nikamfunga kamba shingoni, nikavuta, nikacheka, nikavuta tena. Alipoanguka nilidhani anaigiza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilishasahau, mwanangu. Miaka hamsini nilishasahau kabisa, na kila mwaka naenda kumfunga tena."

Tangu siku hiyo anauliza. Anawauliza wateja mpaka wanachoka: rangi gani, uzi gani unakuwasha, unabanwa wapi. Aliniambia akishika sindano anasikia mtu anakohoa nyuma ya kiti chake. Mara ya kwanza nilimcheka. Mara ya pili nilikuwa nimekaa naye mchana kweupe, nikakisikia kikohozi kile ninachokijua, na sikucheka tena. Niliogopa hata kugeuka.

Juzi aliniletea sweta. Ni ya kijani, rangi aliyoipenda mama, na imekatwa wazi mpaka kwenye mitulinga. Mimi baridi inanianzia shingoni, na napenda shingo ndefu kuliko kitu chochote. Katika kuuliza kwake kote, mimi hajaniuliza. Niliivaa hivyohivyo. Akapitisha kidole ukingoni taratibu, akizunguka koo langu lote, kuhakikisha hapabani.

"Mdogo wangu," alisema, macho hayabanduki shingoni mwangu, "hii haikukabi?"

Nilitaka kumkumbusha mimi ni nani. Lakini kidole chake kilikuwa bado ukingoni, na alikuwa ameacha kupumua akingoja jibu.

"Hainikabi, dada," nikamwambia.