Minyoo Niliyomficha Mama Mkwe

Nakumbuka msimu mmoja wa kuchuma kahawa hapa Ukata, mwanangu, nilipokuwa mama wa mtoto mmoja, na majivuno yangu ya usafi yakitosha kijiji kizima. Jana ulinipigia simu unanong'ona kana kwamba umeiba, kumbe umeona minyoo kwa mtoto. Ngoja nikucheke kidogo, halafu nikueleze.

Ile ya kwetu niliiona asubuhi nikimtawaza huyo mtoto wangu, Kandida: midogo, myeupe, kama vipande vya uzi vinavyocheza. Mimi niliyesugua sufuria mpaka zikang'aa, mkwe aliyesifiwa na akina mama wa jumuiya, ningemwambia nani? Nikafunga mdomo. Nikawa nachemsha kila kitu, nakung'uta mablanketi kutwa, usingizi sipati. Kibaya zaidi, nikamtoa Kandida kwenye sahani ya pamoja, nikawa namlisha jikoni, nami nikila huko huko.

Unajua kwetu mtu akijitenga na chakula cha nyumba watu wanafikiria nini. Hazikupita siku nyingi, mama mkwe akanisimamisha katikati ya mibuni, kikapu kiunoni, machozi yanamlengalenga.

"Mama Kandida, niambie ukweli. Unadhani naweka kitu kwenye ugali?"

Mama yule alinipokea kama binti yake, na sasa aliamini namwona mchawi. Nikapiga magoti pale pale, nikamweleza yote, minyoo na aibu yangu.

Akakaa chini, akacheka mpaka kahawa ikamwagika kutoka kikapuni. "Ndiyo maana baba mkwe wako anajikuna hata misani," akasema. Kisha akakunja uso. "Minyoo ina dawa. Hili ulilonifanyia mimi, ningelipeleka zahanati gani?"

Kesho yake tulikwenda zahanati nyumba nzima, utadhani tunakwenda harusini. Muuguzi hakushangaa. Alisema minyoo hii huingia hata nyumba safi, na akionekana nayo mmoja, wote hunywa dawa siku moja, kisha hurudia baada ya wiki mbili. Akanikataza kukung'uta mablanketi, maana nilikuwa natawanya mayai. Jioni Kandida na wajukuu wenzake wakamkata babu yao kucha, analalamika kama anachinjwa, sisi mbavu hatuna. Kandida akanawa kwa sabuni, akarudi kwenye sahani na kudokoa nyama ya babu.

Basi, mwanangu, wapeleke wote, na mumeo pia. Atasema yeye haumwi, mpeleke hivyo hivyo. Kama una mimba, mwambie muuguzi kwanza. Kucha ziwe fupi, mnawe kwa sabuni kabla ya kula na mkitoka chooni, mtoto aogeshwe asubuhi na kubadilishwa chupi, mashuka yafuliwe. Ukishafanya hayo, lala usingizi wako. Wewe si mchafu, na mtoto atapona.

Lakini leo hii hii, kabla hata ya dawa, nenda kamwambie mama mkwe wako. Usimwache akae anajiuliza amekukosea nini. Mungu akupe watu wa kuwaambia aibu zako, mwanangu, nao wasiogope kukuambia zao.