Sauti ya Kusukuma Robota

Nguo yangu ya kwanza ya karate ilishonwa kwa magunia mawili ya unga wa ngano. Maduka ya Bunda yalikuwa yameanza kujaa tena na mitumba ilikuwa imeanza kuonekana gulioni, lakini kitambaa cheupe kilikuwa bado kinatafutwa kama dawa. Mama, aliyekuwa kwetu Butiama, aliyafua magunia yale mara nne kwa majivu kabla ya kumpelekea fundi. Maandishi ya bluu mgongoni hayakutoka yote. Siku niliyoivaa mara ya kwanza nilijitazama kwenye kioo cha dirisha la chumba changu, nikarusha ngumi mbili, nikavua upesi kabla mpangaji mwenzangu hajaingia.

Nilikuwa na haya sana. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo nitaje chumvi ninayotaka. Hata kuandika ninaandika polepole. Ukurasa huu umenichukua siku mbili. Lakini mkono wangu ulipokunjwa ngumi, nilijisikia kama mtu mwingine, mtu ambaye angeweza kutaja chumvi mbele ya duka zima.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu ukianza, mashine hazilali. Kundi letu la watu sita lilikuwa la kupakia marobota kwenye malori. Robota moja la pamba ni zito kuliko wanaume wawili wanene. Tuliliegemeza kwenye ubao ulioinuka hadi kwenye lori, tukaweka mabega, na nyapara wetu akaita, "Moja, mbili, haya!" Kwenye "haya" wote tulisukuma pamoja. Mmoja akichelewa, robota linarudi na kutafuta miguu ya watu. Wiki moja tuliingia alfajiri na kutoka saa nane mchana. Wiki iliyofuata tuliingia saa nane na kutoka saa nne usiku. Hakukuwa na Jumapili wala sikukuu hadi pamba iishe, na asiyefika alikuta mtu mwingine amesimama mahali pake, kwa sababu langoni vijana walikuwa wanasubiri kila siku.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia, Jumatatu na Jumatano saa kumi na moja jioni, siku ambazo kwaya haikuutumia. Mwalimu wetu alikuwa askari mstaafu aliyekuwa akitengeneza baiskeli karibu na stendi. Wiki ya alfajiri sikuwa na tatizo: nilitoka kiwandani na pamba nywelini, nikanawa uso, nikakimbia ukumbini. Wiki ya mchana ndiyo iliyoniumiza. Saa kumi na moja nilikuwa chini ya robota nikijua wenzangu wanapiga mateke bila mimi.

Nilipomweleza hayo mwalimu, huku nikiangalia viatu vyake, aliniambia wiki za mchana niende kwake asubuhi, kwenye baiskeli. Basi nikawa naenda. Yeye akinyoosha ringi iliyopinda, mimi nikisimama kati ya fremu na matairi na kurusha ngumi, na yeye bila kuinua kichwa akisema kiuno kimelala, kiamshe. Wateja walikaa kwenye benchi wakitazama. Mwanzoni nilitaka ardhi inimeze. Baada ya mwezi sikuwaona tena. Kiwandani nikitembea na mzigo nilitembea kwa hatua ndefu za karate, goti la mbele limekunjwa, na wenzangu walidhani nimeumia nyonga. Nililala mguu ukipiga teke ndani ya shuka. Sikumbuki wakati mwingine wowote niliochoka vile na kufurahi vile kwa pamoja.

Kisha habari zikaja kwamba mtahini atatoka Mwanza, atafika Musoma Jumamosi moja tu, na hatarudi hadi mwaka mwingine. Aliyefaulu angevua mkanda mweupe na kufunga wa njano. Mwalimu akabandika kwenye mlango wa ukumbi orodha ya watakaokwenda. Nilisubiri wote wasome, waondoke, ndipo nikasogea. Nilisoma mara tatu kwa kidole. Sikuwemo.

Nilijua kwa nini. Katika karate pigo la mwisho lina ukelele wake, unatoka tumboni pamoja na ngumi, na bila huo mtahini anahesabu pigo halipo. Wangu ulitoka kama kifaranga kilichokanyagwa. Mwalimu alinikuta mlangoni bado nimesimama.

"Mikono imefika," alisema. "Miguu imefika. Sauti imebaki Butiama. Ilete kabla ya Ijumaa ya kuamkia mtihani, nitaongeza mstari."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Na hata kama sauti ingefika, Jumamosi ile ilikuwa katika wiki yetu ya alfajiri. Saa nne, wakati mtahini anaanza kule Musoma, mimi ningekuwa ninasukuma.

Sikuweza kumwomba nyapara kwa mdomo. Nikaandika barua kwenye karatasi ya daftari, jioni tatu, nikafuta, nikaandika tena, nikamkabidhi wakati wa chai na kugeuka niondoke. Alinishika shati. Nyapara alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo shavu lake lilikuwa limevimba kama amemeza embe bichi. Alikuwa ameng'olewa jino la gego, na kila alipoita "haya" alishika taya na kuguna. Alisoma barua yote polepole, kisha akaikunja.

"Jumamosi nitakupa, mdogo wangu," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Lakini kuanzia leo mpaka hiyo Jumamosi, wewe ndiye unaita."

Wenzangu walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Walisema robota la kwanza litazeekea kwenye ubao likinisubiri. Nilitamani niichukue barua yangu niirudishe mfukoni, lakini alikuwa amekwisha kuitia kwenye kofia.

Robota la kwanza lilipowekwa kwenye ubao, watu watano waliinamisha mabega, wakinisubiri mimi. Mimi. Nilifumba macho. Kilichotoka mdomoni sicho walichokizoea. Kule ukumbini tulihesabu kila ngumi kwa Kijapani, na kwa hofu ile midomo yangu ilikamata hesabu iliyoizoea zaidi: "Ichi, ni, san!" Mimi nikasukuma peke yangu. Wengine walikuwa bado wanasubiri "haya". Robota likapinduka kwenye ubao, likashuka, na wanaume watano wakaruka kama panzi. Hakuna aliyeumia. Nyapara akashika shavu na kuanza kucheka huku akilia kwa maumivu ya kucheka.

"Kijana," alisema, "hiyo ni ya wapi?"

Nikamweleza. Akawauliza wengine kama wanaweza kuhesabu mpaka tatu kwa lugha hiyo. Wakasema mtu aliyesukuma mizigo tangu ujana hashindwi na tatu. Basi wakakubaliana: ichi, ni, na kwenye ya tatu nisitaje namba, nipige ukelele tu, wasukume.

Lakini ukelele wenyewe ulikuwa ule ule wa kifaranga. Siku tatu robota lilipanda kwa shida, nusu ya kundi likinisikia na nusu likikisia. Aliyenisaidia alikuwa jamaa mrefu wa Majita, mvuvi wa zamani, aliyesukuma bega kwa bega na mimi. Siku ya nne alinibonyeza chini ya kitovu kwa ngumi yake ngumu.

"Sisi tulikuwaga tunavuta wavu wa kokoro watu ishirini," alisema. "Unaita kwa koo, nani atakusikia kwenye mawimbi? Vuta hewa ikae hapa. Usiite kabla haijakaa."

Yalikuwa maneno yale yale ya mwalimu, ila mwalimu aliyasema nikiwa nimesimama patupu. Hapa nilikuwa nimeegemea robota, na tumbo langu lilikuwa tayari limekaza lenyewe kwa uzito. Nikavuta hewa. Nikasubiri ikae. "Ichi. Ni." Na ya tatu ikatoka, kubwa, chafu, yenye mkwaruzo, ikapita juu ya kelele ya mashine. Robota lilipanda ubao lote kwa mkupuo mmoja, likagonga bodi ya lori kwa nguvu hadi dereva akafungua mlango kuangalia. Hakuna aliyecheka. Yule wa Majita alisema tu, "Lingine." Siku ile tulipakia lori kabla ya wakati, na ningepakia jingine peke yangu kama wangeniruhusu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilipotoka kazini nilipitia kwenye baiskeli. Mwalimu alikuwa anajaza upepo. Nilisimama mahali pangu kati ya matairi, nikainama kidogo kama nimeegemea robota, nikapiga pigo la mwisho. Mteja aliyekuwa kwenye benchi alisimama. Mwalimu akaacha pampu, akachomoa kalamu sikioni, akaandika jina langu kwenye kiganja chake ili asisahau.

Jumamosi alfajiri palikuwa na lori la marobota ya kiwanda cha nguo cha Musoma. Kundi letu lilifika mapema kuliko kawaida, bila mimi kuwaomba. Niliita kila robota. Lilipopanda la mwisho nyapara alinisukuma na mimi kwenye ubao ule ule, nikalala juu ya pamba na mfuko wenye nguo yangu ya magunia. Lori likaondoka. Tulipopita njia panda ya kwenda Butiama jua lilikuwa linachomoza, nami nilisimama juu ya marobota, nikaita kuelekea kwetu kwa nguvu zote. Dereva akapiga honi kunijibu.

Kwenye ukumbi wa mtihani, kule Kigera mjini Musoma, mtahini alitaka mmoja aanze. Wote waliangalia chini. Sijui miguu yangu ilitoa wapi ruhusa. Nilipopiga la mwisho, ukelele ulirudi kutoka kwenye bati, na vipande vya pamba vikadondoka kutoka nywelini mwangu hadi sakafuni. Mtahini alivitazama, akanitazama, akaandika. Jioni alisoma majina ya waliofaulu. Langu lilikuwa la tatu.

Mkanda wa njano haukupatikana dukani, kwa hiyo nilichemsha ule mweupe na bizari. Jumatatu niliufunga kiunoni juu ya nguo za kazi. Wenzangu walinusa wakauliza pilau iko wapi. Nyapara, ambaye shavu lake lilikuwa limepona, akaenda kusimama mahali pake pa zamani kando ya ubao, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akasogea hatua mbili, akaweka bega lake kwenye robota pamoja na wengine.

Nikavuta hewa, nikasubiri ikae.