Vitabu Nilivyovivika Karatasi ya Saruji

Karatasi ya mfuko wa saruji ina harufu yake. Ni vumbi kavu linalokaa kooni, na ukiipaka gundi ya uji wa ngano inageuka, inanuka kama ukuta mpya ulionyeshewa. Hapa Kimara jirani yangu anajenga mwaka wa nne sasa, hamalizi wala haachi, na kila fundi wake akipasua mfuko mie narudi Manzese, mtoto wa miaka kumi na moja, gundi mpaka viwikoni. Wiki hii narudi mara nyingi, tena kwa hasira, kwa sababu ya mjukuu wangu Rehema. Amepata nafasi chuoni kusomea ukutubi, kazi ya maktaba, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kuthibitisha. Siku ya tatu hii yuko kwenye kochi na simu, anajibu maswali ya kumwambia kama kazi hiyo inamfaa. "Bibi, inaniuliza kama napenda utulivu." Utulivu! Nikamwambia hiyo simu yako haijawahi kukaa na Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa shangazi wa mama yangu, Mzaramo wa hapahapa mjini, mtu wa khanga mbili na maneno machache. Alishika ufunguo wa chumba cha kusomea, nyuma ya jengo walikofundishwa watu wazima, chumba chenye benchi mbili na kabati moja la mbao. Wajomba zangu wawili walikuwa wanafunzi pale, mmoja akilala darasani mpaka mwalimu akamzoea, lakini hayo tuyaache. Mie nilipelekwa kumsaidia Bi Tatu masika moja shule yetu ilipoingia maji. Nilikuwa darasa la nne, maji yakatoka, mie sikurudi, na kwa hilo sina wa kumsingizia. Bi Tatu hakuwa na imani na daftari la majina. Ukiazima kitabu, unaacha ndala moja. Moja tu. Utakwenda wapi na ndala moja kwenye tope lile la Manzese? Zilipangwa kando ya mlango, za kushoto tupu, na vitabu vilirudi upesi kuliko mvua.

Sasa Bi Tatu akaenda Bagamoyo kwenye arobaini ya ndugu yake, siku tatu, akaniachia ufunguo na onyo nisimwazime mtu. Nikalifungua kabati, nikaviangalia vile vitabu. Vilikuwa na alama za vidole, mafuta ya taa, mchuzi, kimoja kina unyayo wa kuku. Niliudhika sana. Nilijua la kufanya, maana kila mtoto alilijua: daftari la shule unalifunika kwa karatasi, na juzuu ya madrasa kwa ustadhi vilevile. Nikaokota mifuko ya saruji kwa mafundi, nikapika uji mzito wa ngano, nikavivika vyote, mbele, nyuma na mgongoni. Nikavipanga kabatini kwa urefu, kama sufuria. Vilipendeza jamani! Kabati zima rangi moja. Nilikaa benchini nikilitazama, na sijawahi kujisikia mtu mwenye kazi yake kama siku zile.

Bi Tatu alirudi mchana, na watu wakawa wamekwishajaa mlangoni. Akafungua kabati. Akavuta kitabu kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Mzee Kondo, fundi cherehani, alitaka kile cha kufuga kuku. "Haya, Zaina," Bi Tatu akasema, "mpe mzee kitabu chake." Nikampa kimoja kwa kubahatisha. Akafunua, akasoma kwa kidole, akanyanyua uso: "Hiki ni cha kuchimba choo. Niwafugie shimoni, mjukuu wangu?" Watu wakaangua kicheko. Mie nikanuna. Walioniudhi zaidi walikuwa wao. Huyu anataka "kile cha siku ile", yule anataka "kile chenye picha ya baba mwenye kofia". Mtu mzima hajui anachotaka, halafu anakucheka!

Ndipo akaingia mama mmoja kijana, kambeba mtoto mgongoni, akasema anataka cha mapishi. Nikafunua vitatu, nikakipata, nikampa kwa fahari. Hakuondoka. Alikishika tu, akawatazama wale wanaume benchini, akatazama chini. Nikamwambia, "Mama, ndala." Bi Tatu akanishika mkono. "Humuoni? Huyu hajaja kupika." Akamtoa nje, wakanong'ona, akarudi mbio akaanza kuzichana zile karatasi zangu, kitabu kimoja baada ya kingine, mie nimesimama nikilia kwa sababu anaziharibu. Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi, na mama yake aliona haya kulisema mbele ya wanaume. Kilichotakiwa kilikuwa karibu na cha mwisho. Bi Tatu akamsomea ukurasa wa maji ya sukari na chumvi, mara mbili, polepole, kisha yule mama akakimbia na kitabu na ndala zote mbili. Mtoto yule yupo, sasa ana mvi. Lakini nusu saa ile aliipoteza kwa gundi yangu.

Jioni tukizoa vipande vya karatasi, Bi Tatu akaniambia bila ukali, "Wewe Zaina umelipenda kabati. Watu wanakuudhi." Nikamjibu ni kweli, wananiudhi. Akacheka. Basi nikaja kukaanga maandazi miaka thelathini, maana mteja wa andazi anajua anachotaka.

Siku hizi hakuna anayeacha ndala mahali. Mtu anaiuliza simu, na simu haimtazami usoni. Hii ya Rehema imemaliza kumhoji, ikamwambia kazi inamfaa kwa kuwa anapenda kupanga vitu. Nilitamani kuitupa kwa fundi wa jirani, aichanganye na zege. Hata mie nilipenda kupanga vitu! Leo asubuhi akaja Mama Asha wa nyumba ya nyuma na karatasi ya hospitali. "Rehema mwanangu, nisomee, miwani nimeisahau." Rehema, macho kwenye simu: "Baadaye, mama, nina jambo." Mama Asha akasema haya, lakini hakuondoka. Rehema akanyanyua uso, akamtazama, akaiweka simu kifudifudi. "Njoo ukae hapa kwangu, mama. Tusome wote." Akamsomea mstari kwa mstari, kidole kikipita chini ya kila neno.

Mama Asha hana miwani. Hajawahi kuwa nayo, na Rehema anajua. Wala hakuitaja, hata Mama Asha alipokwisha kutoka.

Nikamwambia athibitishe leo, asingoje Ijumaa. "Bibi, umejuaje kama itanifaa?" Nikamwambia aniletee birika, nimechoka na maswali.