Sufuria Nyembamba Yafika Ziwani

Safari hii ilianzishwa na semina. Nawaambia ninyi jamaa zangu wa Nyeri, mnaodhani sisi wa ofisini Nairobi hatutoki ila kwa mambo makubwa. Bosi wangu, Bwana Mwaura, alikaa hotelini wiki nzima akilishwa na kufundishwa jinsi kampuni kongwe zinavyokuzwa. Alirudi na tumbo jipya na neno jipya: mkakati.

Kiwanda chetu cha Industrial Area kilikuwa kikitengeneza sufuria tangu kabla ya Uhuru. Zilikuwa nzito na hazikufa, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mtu akinunua moja, humwoni tena mpaka binti yake aolewe. Kisha katika miaka hiyo ya tisini soko likafunguliwa, sufuria za nje zikamiminika kwa bei ya kutupa, na zetu zikabaki ghalani zikitazamana. Mkakati wa Bwana Mwaura ulikuwa huu: tupunguze unene wa bati. Sufuria zikitoboka upesi, wateja watarudi upesi. Jumatatu angetia sahihi, karakana ya sufuria nzito ifungwe, mafundi wake waende nyumbani.

Mimi nilikuwa afisa wa mauzo, na roho iliniuma. Nilimwambia twende kwanza tukawaone wanaopika. Alikubali kwa kuwa semina ilimwambia kiongozi hutembelea wateja. Tukabeba sufuria moja kubwa ya majaribio, nyembamba, inayong'aa.

Jumamosi asubuhi tulianzia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, anakoishi Wafula, mmoja wa mafundi wa karakana ile. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vya bosi vikabadilika rangi kabla hatujamaliza salamu. Wafula aliipiga sufuria kwa ukucha, ikalia kama kengele ya baiskeli.

"Mkubwa, hii ni ya kupikia ama ni ya kupigia ngoma?"

"Ni ya kukuza kampuni," bosi akajibu.

"Sawa. Na mimi nikifutwa Jumatatu, hiyo kampuni itakua ikiwa na nani?"

Bosi alijishughulisha na tope la kiatu. Wafula alivaa koti, akajitwika sufuria kichwani, akasema anakwenda nasi akaone mwisho wake.

Saa sita hivi tulipita Buruburu, nyumbani kwa bosi, abadilishe viatu. Mkewe, Mama Kamau, alikuwa akichemsha githeri katika sufuria yetu ya zamani, nyeusi chini, imara. Bosi akamwonyesha ile mpya.

"Hiyo usiniletee jikoni," alisema bila kugeuka. "Hii nilipewa siku ya harusi yetu. Wewe mwenyewe umeshalegea, yenyewe bado."

Wafula akakohoa kikohozi kirefu. Mimi nikatazama dari.

Alasiri tukaingia mtaa wa Ziwani. Huko kina mama wana chama kinachomiliki sufuria kubwa za harusi, matanga na harambee. Kila moja ina jina la chama kwa rangi nyekundu kitakoni, na anayeiazima huirudisha imesuguliwa kwa majivu, la sivyo atasemwa hadi kanisani. Siku hiyo walikuwa wakiipikia kwaya. Mwenyekiti wao, Mama Nekesa, mwenye mikono ya kuangusha fahali, alitukaribisha vizuri. Bosi akatoa sufuria kama zawadi, akaomba ipakwe rangi papo hapo. Nadhani alikwisha kuiona picha yake ukutani ofisini.

"Asante sana, baba," Mama Nekesa akasema. "Lakini kwetu sufuria haipakwi rangi kabla haijasonga ugali. Wewe umeileta, wewe utaishika."

Bosi akapewa matambara mawili, akachuchumaa, akashika ukingo. Maji yakatokota, unga ukaingia, Mama Nekesa akashika mwiko kama mpiga makasia. Mzunguko wa kwanza sufuria ikayumba. Wa pili ikabonyea. Wa tatu ukingo ukakunjika mikononi mwa bosi, sufuria ikateleza kwenye mafiga, na ugali wa kwaya nzima ukamwagikia viatu vyake vya pili.

Kwaya ilicheka kwa sauti zote nne. Bosi aliruka, akavua viatu, akasimama na soksi kwenye majani. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

"Sasa mama," akauliza alipopata pumzi, "mimi nitakuuzia nini, kama zile za zamani haziharibiki?"

Mama Nekesa alielekeza mwiko kwenye sufuria zetu kongwe zilizokuwa motoni. Moja ilifunikwa kwa sinia, nyingine kwa karai, ya tatu kwa kipande cha mabati na jiwe juu.

"Miaka yote mmetuuzia sufuria tupu. Vifuniko mnamwachia nani?"

Bosi akazitazama zote tatu, moja baada ya nyingine. Hatukuwahi kutengeneza hata kimoja.

Jioni tulirudi kupitia Jogoo Road, bosi akiwa na patipati za kuazima. Nilichojifunza ndicho hiki: mkakati hupatikana jikoni kwa mteja, na kiongozi hana budi kufika huko hata akiunguzwa. Sufuria nyembamba ilibaki Ziwani. Wanainywishia kuku maji, na jina la chama hawakuiandika.

Jumatatu, kwenye mkutano, Bwana Mwaura alieleza mkakati wake wa vifuniko, akautaja kuwa wake mara nyingi mno. Tukampigia makofi. Kisha akashuka karakanani, mahali ambapo sikuwahi kumwona, akamwambia Wafula aanze kukata bati la vifuniko.

"La unene gani, mkubwa?" Wafula akauliza.

Bosi alitazama viatu vyake.

"Ule wa zamani," akasema.