Neno Alilolifuta kwa Kalamu

Mzee wa kanisa alisoma wasifu niliomwandikia susu, nyanya yangu aliyenilea, akafika kwenye maneno "ukarimu usiopimika" na kusimama hapo. Mazishi yalikuwa kesho yake. Akatoa kalamu mfukoni.

"Hii neno ni ya Mungu peke yake," akasema. "Weka 'mwingi'. Inatosha."

"Mzee, mwingi ni ile unaweza weka kwa gorogoro."

Hakucheka. Alilifuta.

Nilichukia. Maana kama kuna mtu aliyejua kupima, ni susu. Soko la Tulia lote lilimjua kwa ubahili. Alijaza ndengu za kuuza kwenye gorogoro, lile kopo la kilo mbili la kupimia nafaka, kisha akapitisha rula yangu ya shule, iliyokatika, mpaka juu pakawa sawa. Punje zilizomwagika alizirudisha guniani, moja moja. Mteja akilia aongezwe, alimjibu, "Ya bure ngoja mvua."

Sasa, mwaka mmoja mvua ilikataa misimu miwili. Ilipokuja hatimaye, jirani yetu wa ng'ambo ya mto alisimama mlangoni, leso tupu mkononi. Watoto wake walikuwa wamekula mbegu zote. Susu alishusha kibuyu cha mbegu chenye mdomo mpana kilichokuwa darini, kimejaa ndengu zilizochanganywa na majivu. Nikamletea gorogoro na rula, kama kawaida. Akalisukuma kopo kwa mguu. Akatumbukiza mikono yote miwili na kuchota, akamimina kwenye leso ya yule mama, akachota tena, na tena, mpaka mama mwenyewe akaifunga leso akilia.

"Umempea ngapi?" nikauliza.

"Mbegu ya jirani haipimwi. Ukimpimia mbegu, umempimia na njaa yake."

Msimu huo shamba letu lilibaki nusu bila kupandwa. Nililala na njaa na nikamkasirikia susu, sitaficha. Miaka ilipita kabla sijaona kwamba yeye alijua hasa mahali kipimo kinapokoma, na ni wachache wanaojua. Ndiyo maana nililiandika lile neno. Sikulitafuta lisikike tamu.

Siku ya mazishi ratiba zilikuja zimechapishwa, "ukarimu mwingi". Nilishika kipaza sauti na kuisoma ile karatasi vizuri hadi mahali pale, nikaiteremsha.

"Ukarimu usiopimika," nikasema.

Mzee wa kanisa akakohoa. Nikarudia, polepole zaidi, nikimtazama usoni. Akainuka nusu kwenye kiti chake, mkono mbele, anataka kipaza sauti.

Upande wa akina mama mtu mmoja akasimama kabla yake. Alikuwa yule wa ng'ambo ya mto, amezeeka sasa, leso kiunoni.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.