Jogoo Tuliyekwisha Kumla

Siku ile maandishi yalipojigeuza yenyewe mkononi mwangu, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mama Veronika asisikie. Nilikuwa kijana wa shule wakati huo, mbichi kabisa, nina miaka hamsini na sita na mvi za kujaza gunia.

Usicheke bado. Mimi shule nilianza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mdogo, na siku zile huku Tlawi mwalimu alisoma mstari, sisi tukaitikia, akasoma, tukaitikia, mpaka ndege wa mlima mzima wakaujua ule ukurasa. Mimi nilikuwa na kichwa cha kunasa. Nikisikia mara mbili, imeingia. Nikawa kinara wa darasa. Siku alipokuja mkaguzi nikasimama, nikasoma ukurasa wote bila kukwama hata kwenye nukta, kumbe kitabu nimekishika kichwa chini miguu juu. Walicheka mpaka mbuzi waliokuwa nje wakaacha kula. Nikaenda zangu kuchunga, na shule sikuiona tena kwa miaka arobaini na kitu.

Lakini ng'ombe akivunjika mguu malishoni, hujikokota zizini kusaidiwa. Walipotangaza kanisani kwamba ngumbaru inafunguliwa, yaani masomo ya watu wazima, saa kumi jioni watoto wakishaondoka, nilijiandikisha wa kwanza. Tulikuwa kumi na mmoja, tumebanwa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wetu, Paskalina, alikuwa na umri wa binti yangu wa mwisho. Shida ya kwanza ikawa salamu. Nani amwamkie nani? Tukapatana hivi: nje ya mlango yeye ananipa shikamoo, mimi naitikia marahaba kama mzee. Nikishavuka kizingiti, mimi ndiye ninayesimama na kumwamkia.

Mwalimu alikuwa na kishikwambi kimoja, kile kibao cha kioo walimu wengi wanacho siku hizi, nasi tukakipokezana. Somo lilikuwa la jogoo wa bibi, na picha yake juu. Wenzangu wakasoma, mimi nikanasa. Zamu yangu ilipofika nikakishika kwa tabia yangu ile ile ya utotoni, kichwa chini. Mara jogoo akapinduka mwenyewe, akasimama wima, na maandishi nyuma yake. Nilitaka kukibusu. Nikasema moyoni, Mungu ameleta chombo cha kunisitiri. Nikamsoma jogoo yule kwa sauti iliyotikisa bati. Nikapigiwa makofi, nikafanywa monita. Habari zikateremka mpaka Dirma, kule uwanda wa Hanang, kwa wafugaji alikoolewa binti yangu Veronika: baba yako sasa anasoma kama padri.

Hapo ndipo nilipojitia kamba shingoni. Zamani ujumbe ukiingia kwenye kitochi changu, simu yangu ndogo ya vitufe, nilimpa mwenye duka anisomee. Sasa monita atampaje mwenye duka? Jumatatu moja kitochi kikalia. Jina la Veronika nililijua kwa sura, ile herufi ya kwanza iliyokaa kama pembe za ng'ombe. Alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Mama yake akaniuliza amesema nini. Nikakikodolea macho kioo, nikakunja uso wa kisomi, nikajibu kwamba anatusalimia, bado hajajifungua.

Baadaye nikapiga simu kwa siri. Haipatikani. Kule kwao mtandao unashikwa juu ya kichuguu kimoja tu. Siku nane ujumbe ule ulikaa mfukoni mwangu, mzito kuliko debe la mahindi. Huenda ni heri, huenda ni msiba, nami natembea nao nikisalimia watu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nilikuwa naficha mpaka uzazi wa mwanangu.

Siku ya tisa mwalimu akaja na jambo geni. Kipindi kilichopita alikuwa amemwomba kila mmoja wetu sentensi moja ya nyumbani kwake, mimi nikatoa ya ng'ombe wangu anayepiga teke. Akaziandika zote vile vile tulivyozisema. Sasa alikuwa amezichanganya, picha hakuna, akataka kila mtu aitafute ya kwake. Akaanza na monita. Nikasimama, nikakohoa, nikamwaga: jogoo wa bibi anawika asubuhi, jogoo wa bibi ana kishungi chekundu.

Kisha Bibi Marta, aliyekaa dirishani, mwenye ulimi kama kisu cha kuchinjia, akasema taratibu, "Baba Veronika, huyo jogoo si tulishamla juzi?"

Kicheko kile nadhani kilifika Arusha. Nikautafuta mlango, ila dawati lilikuwa limenishika magoti, nikatoka nalo hatua mbili. Mwalimu akanifuata. Tulipovuka kizingiti akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia kwa taabu.

"Kichwa chako kinakumbuka kuliko vyetu vyote," akasema. "Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Kosa si lako peke yako. Hata mimi nilikuwa nasoma, ninyi mnaitikia, nikadhani nafundisha."

Fimbo ningeivumilia, mwanangu. Upole ule ndio ulionivunja. Nikatoa kitochi, nikamweleza yote. Akausoma ujumbe kimya, mimi namtazama macho kama mtu anayesubiri hukumu.

"Hakuna msiba, baba. Lakini amekuandikia wewe. Ukiniruhusu, hili ndilo somo la leo."

Tukarudi ndani. Akaunakili ujumbe kwenye kishikwambi, akazikuza herufi mpaka kila moja ikawa kama kwato. Akawaambia wenzangu leo hakuna kuitikia, anayejua anyamaze. Watu kumi wanalijua neno na wananyamaza! Sijaona kazi ngumu kama ile. Bibi Marta aliuma upindo wa kanga yake asije akaropoka. Nikaweka kidole: ni, me, ji. Jasho lililonitoka lingemwagilia shamba zima la vitunguu saumu. Nilipokwama, mwalimu alibonyeza, kibao kikatoa silabi aliyoirekodi kwa sauti yake, mara ya kumi sawa na ya kwanza, bila kuchoka wala kununa. Jua likiwa limeegemea mlima, nikamaliza:

"Baba shikamoo. Nimesikia sasa unasoma, ndiyo maana nimeandika. Nimejifungua mtoto wa kike. Baba mkwe amesema jina litoke kwako. Tunakusubiri."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Marta ndiye aliyeachia kanga na kupiga kigelegele, mwenyewe analia.

Nyumbani nilikiri. Mama Veronika aliweka chini ungo wa maharage, akasema, "Siku tisa mimi ni bibi, na wewe unaniambia anatusalimia?" Akafunga mzigo. Hakunisemesha tena njiani mpaka mji wa Katesh.

Dirma tulikuta mtoto anaitwa Mgeni tu, kwa kukosa jina. Nilipendekeza aitwe Kishikwambi, wakakataa wote, nadhani na ng'ombe pia. Basi nikaomba kalamu na kadi ya kliniki, nikaandika Paskalina, jina nililoliona ubaoni kila jioni, kwa mkono wangu, herufi zikiyumba kama ndama wa siku moja. Baba mkwe wa Veronika, mzee wa mifugo asiyewahi kuingia darasani, akaipokea kadi, akaitazama kwa heshima kubwa, akasema imeandikwa vizuri. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Sikucheka. Niliushika mkono wake, nikaigeuza kadi polepole, nikaketi karibu naye, nikamsimulia habari za jogoo.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, na hasa wewe unayetaka kuwa mwalimu. Vifaa hivi ni vizuri, vipokee kwa mikono miwili, wala usimsikilize mzee anayevitukana kabla hajavishika. Lakini kioo kinageuza maandishi tu. Kichwa cha mtu kinageuzwa na mwenzake aliyemtazama vizuri. Usifurahie darasa linaloitikia kwa sauti moja, uliza ni nani ndani yake anaimba tu. Mpe mwanafunzi neno la kwao alisome, kisha nyamaza, mwache atoke jasho. Na kama hujui, sema leo. Kuuliza si ujinga, ujinga ni siku tisa.

Mungu akupe kichwa cha kunasa na moyo wa kukiri. Na siku utakaposhika kitabu kichwa chini, maana siku hiyo haikwepeki, akuletee mtu wa kukigeuza bila kukucheka.