Nguzo Nne za Kioo

Nguzo nne au nane? Swali hilo lilininyima usingizi tangu nifike nyumbani Ihanda. Nilikuwa nimekuja likizo baada ya mwaka wangu wa kwanza katika maabara ya ughaibuni, tunakotengeneza vioo vya darubini ya eksirei itakayopelekwa angani. Kabla sijaondoka, msimamizi wangu alisema kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyekipima kioo, mimi ndiye nitakayeamua kisimamishwe juu ya nguzo ngapi. Wenzangu wangekigandisha wiki iliyofuata. Gundi ikishakauka haibanduki, na kioo cha ukubwa huo kilikuwa kimebaki hicho kimoja. Vingine vilipasuka wakati wa kung'arishwa.

Baba alitaka kujua ni kioo gani hicho kinachoniondolea hamu ya kula. Nilimweleza tukiwa kibanjani, kati ya migomba na mibuni. Eksirei ukiielekeza moja kwa moja kwenye kioo, inazama ndani. Lazima ipite ikiparaza uso wake, kama kijiwe bapa kinavyoruka juu ya maji. Kioo kimoja hukamata kidogo sana, kwa hiyo hupangwa vingi, kimoja ndani ya kingine. Nilikata shina la mgomba uliokwisha kuvunwa nikamwonyesha magamba yake yalivyokumbatiana. Basi ni hivyo, nikasema, ila kila gamba ni jembamba kama ukucha, maana roketi haibebi mzigo ovyo. Na kwa wembamba huo, kioo hujipinda hata kwa uzito wake chenyewe.

Baba aliwahi kupigwa eksirei ya mguu alipoanguka na baiskeli.

"Kwa hiyo mnataka kuona mifupa ya nyota."

Nikasema si mifupa hasa, ni gesi yenye joto kali. Akasema hata gesi ni sawa, mradi nile.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mgomba wenye mkungu mkubwa ulioanza kuinama. Baba aliuegemeza kwa miti miwili yenye panda, kama tunavyofanya siku zote, akaenda zake. Mimi nikabaki nautazama. Upepo ukija je? Mti mmoja ukiteleza? Nikatafuta miti mingine mitatu, nikaikaza mpaka mgomba ukaacha kabisa kutikisika. Nikaona nimefanya la maana, nikaiongezea miti hata migomba miwili ya jirani yake, ambayo Baba alikuwa ameiegemeza vivyo hivyo. Usiku huo nililala vizuri.

Mvua ilinyesha. Asubuhi tuliukuta mgomba umekatika katikati, mkungu umelala kwenye matandazo. Udongo ulikuwa umelainika na miti karibu yote imezama, isipokuwa mmoja niliousimamisha juu ya jiwe. Uzito wote ulikuwa umeangukia panda ya mti huo, na shina lilikatikia hapohapo.

Baba aliizunguka ile miti akiihesabu kwa macho.

"Mwanangu, huu hukuuegemeza. Uliuzingira."

Mama akasema kutoka jikoni kwamba leo tutakula ndizi changa kwa hisani ya mtaalamu wa nyota. Akanipa kisu nimenye.

Nilimenya nikijiambia kwamba mgomba si kioo, na kwamba mtu aliyekosa usingizi siku nyingi huona mifano kila mahali. Lakini kuna jambo halikunitoka. Katika hesabu zangu zote, nguzo nane zilikuwa na urefu uleule kabisa. Nguzo za namna hiyo hazipo. Kila moja husagwa na mtu, na kila moja hubaki na kosa lake dogo lisiloonekana kwa macho.

Nikanawa utomvu kwa mafuta, nikafungua kompyuta, nikaipa kila nguzo kosa lake. Juu ya nguzo nne, kioo kiliinama kidogo tu na kubaki na umbo lake. Juu ya nane, kila nguzo iliyozidi ilikisukuma, uso ukafanya mawimbi, na picha ya nyota ikatawanyika. Nikabadilisha makosa, nikarudia. Nikarudia tena, maana ndivyo nilivyo. Hesabu ya mtetemo wa roketi nayo ilikuwa imeniambia zamani kwamba nne zinatosha. Sikuwa nimeiamini kwa sababu nne zilionekana chache.

Nikapanda hadi barabarani, mtandao unakoshika, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba labda ziwe nne. Nikausoma ujumbe. Nikafuta neno labda, nikaambatanisha hesabu, nikatuma kabla sijapata wazo jingine.

Kisha nikarudi nyuma ya jiko. Ile migomba miwili bado ilikuwa imesimama, imebanwa pande zote. Nikaanza kung'oa miti niliyoiongeza, mmoja baada ya mwingine, nikauachia kila mgomba miti miwili ya Baba.